Pesa Zetu, Mtambo wa Nani?

MASWALI YA WASOMAJI

Barua za safari hii zimetoka pande zote za jiji, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: mitambo inayosafirisha pesa zetu ishikwe na Serikali au iachiwe kampuni? Tumejibu zile zenye jambo la kufanyia kazi. Zilizotaka tushabikie upande mmoja kama Simba na Yanga tumeziweka kando.

*Shikamooni. Kwa nini Benki Kuu isichukue pesa za simu zote, M-Pesa, Airtel Money na wenzao, ikaendesha mfumo mmoja wa taifa usio na makato? Brazil wameweza. Sisi tunasubiri nini?*
Mwanafunzi, Mlimani

Marahaba, kijana. Tuanze na Brazil, maana habari zake husimuliwa nusu. Benki Kuu ya Brazil ilipozindua Pix, mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, Novemba 2020, haikuchukua akaunti ya mtu wala kufunga kampuni ya mtu. Ilijenga barabara ya katikati, ikaandika masharti yake, ikazilazimisha taasisi zenye akaunti zaidi ya laki tano kuingia, na ikaamua kwamba mtu binafsi akituma hatozwi. Akaunti zimebaki kwenye mabenki na kampuni. India, ambayo nayo hutajwa sana, ina mpango mwingine: UPI, njia yao ya kulipana kwa simu iliyoanza 2016, inaendeshwa na NPCI, shirika linalomilikiwa na mabenki, lakini Serikali ndiyo iliyoamua tangu Januari 2020 kwamba mfanyabiashara asikatwe kitu akilipwa kwa njia hiyo. Pengo linazibwa na ruzuku ya hazina, na mabenki yamekuwa yakinung'unika kuwa haitoshi. Kwa hiyo "bure" ya India ina mlipaji, ila hasimami pale kaunta.

Turudi hapa. Ukituma shilingi 20,000 kutoka Airtel Money kwenda M-Pesa, muamala huo unapita mikono minne. Wa kwanza ni mkoba: menyu unayobonyeza, namba ya siri, wakala wa mtaani kwako, na yule wa huduma kwa wateja anayepokea ukipiga 100. Huo ni wa kampuni. Wa pili ni akaunti ya dhamana benki, ambako shilingi zenyewe zimekaa huku wewe ukiona tarakimu. Hizo ni za wateja, kampuni inazishika tu. Wa tatu ni njia ya kati, ile inayoibishia hodi kampuni ya pili na kuuliza: namba hii ipo, jina lake nani, unapokea? Wa nne ni kulipana kwa taasisi zenyewe kwa zenyewe, jambo linalofanyika kwenye vitabu vya Benki Kuu kupitia TISS, mfumo uliopo tangu 2004. Mkono wa nne ni wa umma na haugombewi na yeyote. Ubishi wote uko kwenye ule wa tatu.

Na historia yake haiwapi ushindi watu wa Serikali peke yao. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, na kwa miaka kadhaa ukimtumia mtu wa mtandao mwingine alipata ujumbe wenye namba ya kuchukulia pesa, akaenda kutoa kwa wakala wa mtandao wako. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel waliketi wenyewe wakakubaliana mikoba yao isomane, na Vodacom akaingia 2016. Hayo yalifanywa na kampuni binafsi kwa mikataba, wakati nchi nyingi za jirani bado kila mtandao ulikuwa kisiwa.

Lakini mikataba ya wawili wawili ina hesabu mbaya. Kampuni tano zikitaka kuunganishwa kila moja na kila nyingine, unahitaji viungo 10. Ukiongeza mabenki ukafika taasisi 40, viungo vinakuwa 780, na kila kimoja kina mkataba wake, bei yake, na fundi wa kuamshwa usiku kikikatika. Ukiweka kitovu kimoja, kila taasisi inajenga kiungo kimoja tu. Kitovu hicho ndicho TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo ambao Benki Kuu imeujenga. Benki ndogo au kampuni changa inaingia kwa mlango uleule anaoingilia mkubwa, haihitaji kumbembeleza mshindani wake.

Kwa hiyo sehemu moja ya ombi lako imeshaanza kutimia. Ile nyingine, Serikali kushika mkoba pia, hatuipendi, na sababu yetu ni wakala. Ukitazama makato ya kutoa pesa, fungu kubwa ni la wakala: kodi ya kibanda, mtaji wa floti (salio analofanyia kazi), safari za kwenda kubadili noti, na hatari ya kukaa na fedha taslimu Mbagala saa mbili usiku. Kumtumia mtu hakuhitaji wakala, hivyo kunaweza kuwa rahisi sana na pengine bure. Kutoa hakuwezi kuwa bure mpaka apatikane mtu wa kumlipa huyo wa kibandani, na mshahara wa umma si njia ya kumweka mtu macho mpaka saa nne.

Halafu mstari wenyewe kati ya umma na binafsi hapa nchini umepinda kuliko unavyodhani. T-Pesa ni ya TTCL, shirika la umma. Airtel Tanzania, ambayo wengi huiita ya binafsi, Serikali ina asilimia 49 ya hisa zake tangu makubaliano ya 2019.

*Nina duka la vitenge Kariakoo. Kaunta yangu ina vibandiko vinne vya lipa namba, kila mtandao na chake, na bado mteja wa benki ananiambia hana pa kulipia. Hakuna cha kuunganisha?*
Muuza vitenge, Mtaa wa Kongo

Kipo, kinaitwa TANQR. Ni kiwango cha Benki Kuu kinachosema msimbo wa kuskani uandikwe kwa namna moja nchi nzima, hivyo kibandiko kimoja kisomwe na programu ya benki yoyote na ya mtandao wowote uliojiunga. Kibandiko bado unapewa na benki au kampuni yako, na pesa zinaingia kwenye akaunti uliyochagua wewe. Kwa mteja mwenye simu ya batani, hakikisha chini ya msimbo pameandikwa namba ya kuingiza kwa mkono.

Kabla hujabandua vile vinne, muulize anayekupa kipya mambo haya na umwambie ayaandike: makato anakatwa mteja au wewe, na ni kiasi gani mteja akiwa wa mtandao mwingine, kuhamisha kutoka lipa namba kwenda benki kunagharimu nini, pesa zinaingia papo hapo au kesho yake, na akilipa mtu kwa makosa, nani ana mamlaka ya kurudisha. Swali la kuhamisha ndilo linalokula faida kimya kimya. Mtoa huduma anaweza kukutangazia lipa namba bila makato, ukakuta makato yapo unapozitoa.

Na kuna wizi wa aina mbili kaunta. Mmoja ni ujumbe bandia: mteja anakuonyesha skrini yake, "muamala umekamilika", na wewe unafunga mzigo. Usisome simu ya mteja. Soma ujumbe ulioingia kwenye simu yako, tena angalia mtumaji ni jina la huduma na si namba ya kawaida, na kwa mzigo mkubwa fungua salio lenyewe. Wa pili ni kibandiko cha mtu kubandikwa juu ya chako. Skani kibandiko chako kila asubuhi kwa simu nyingine, jina la duka lako litokee. Ni sekunde kumi tu.

*Mimi ni wakala Mbagala Rangi Tatu. Kampuni ya simu ikifilisika, floti yangu inakwenda na maji? Benki si afadhali?*
Mama wa watatu

Hapana, mama, haipaswi kwenda. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 na kanuni zake zinataka kila shilingi ya tarakimu iliyoko mikononi mwa wateja na mawakala iwe na shilingi yake benki, kwenye akaunti ya dhamana iliyotengwa na mali ya kampuni. Kampuni hairuhusiwi kukopesha fedha hizo wala kulipia mishahara, na wadai wake wakija na madalali hawana haki nazo. Sheria hiyo pia inaitaka kampuni ya simu iendeshe biashara ya pesa kwa kampuni iliyosajiliwa kando, ili deni la minara lisichanganyike na floti yako. Riba ya akaunti hizo ndiyo ile mnayopata kama gawio. Tigo Pesa ilianza kuigawa 2014.

Hapo utaona kitu ambacho wabishi wa pande zote mbili hukisahau: kinachokulinda ni utengaji unaokaguliwa, si jina la mwenye mtambo. Fedha hizo zingeshikwa na shirika la umma na kuchanganywa na bajeti yake, ungekuwa hatarini zaidi kuliko ulivyo sasa.

Benki ni habari tofauti. Benki inakopesha amana yako, ndiyo biashara yake, kwa hiyo kuna Bodi ya Bima ya Amana inayolipa benki ikifa. Kikomo kilipandishwa 2023 kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5 kwa mteja kwa benki moja. Ukiwa na milioni 12 za mtaji, zigawe benki mbili.

Hatari yako halisi iko mbali na kufilisika: ni mtu anayepiga akijitambulisha kuwa wa makao makuu, eti anakurekebishia laini ya uwakala. Hakuna ofisi inayohitaji namba yako ya siri. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040 namba hiyo ifungiwe.

*Nilinunua LUKU ya 10,000 nikategemea uniti 28, nikapata 23 na kitu. Nani kala hela yangu, kampuni ya simu au Serikali?*
Mpangaji, Tabata

Kampuni ya simu haijagusa. Tupige hesabu. Mteja wa kawaida, wa kundi la bei la T1, anauziwa uniti kwa shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, jumla asilimia 22, hivyo uniti inafika shilingi 356.24. Gawa 10,000 kwa hiyo, unapata 28.1. Sasa ondoa kwanza kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi: zinabaki 8,500, ambazo ni uniti 23.9. Usiponunua umeme miezi miwili ukanunua wa tatu, zinakatwa 4,500 kwa mpigo, na 10,000 yako inarudi na uniti 15.4. Tazama kwenye ujumbe wa tokeni. Tarakimu 20 zikiisha, makato yameorodheshwa hapo chini. Na wewe ni mpangaji: kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, mita ndiyo inayokatwa. Weka jumbe hizo zote, umwonyeshe siku ya kulipa kodi ya chumba. Wenye nyumba wengine wanakubali kupunguza, wengine wanajifanya hawakusikia.

Barua yako inagusa kiini cha mjadala huu. Kodi ya jengo iliingizwa kwenye LUKU Agosti 2021 kwa sababu njia ilikuwa tayari ipo na hakuna anayeweza kuikwepa bila kukaa gizani. Mwezi mmoja kabla, tarehe 15 Julai 2021, ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Kelele zilikuwa kubwa, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Mtambo wa malipo una kishawishi hicho: kila anayeukalia anaona mkondo wa fedha unapita mlangoni kwake, na mkono wake unawasha. Kampuni itaongeza makato ya kutoa, Serikali itaweka kodi. Tofauti ni kwamba kampuni ikizidi unahamia mtandao mwingine, lakini kodi inakufuata huko uendako. Ndiyo maana tunasema mwenye kujenga barabara, mwenye kupanga ushuru wake na mwenye kuikagua wasiwe ofisi moja, hata kama wote ni wa umma.

Jambo ambalo Serikali imelifanya vizuri kwenye eneo hili ni GePG, mlango wa malipo ya Serikali wa Wizara ya Fedha, ulioanza 2017. Haukujenga vibanda wala mikoba. Unatoa kontroli namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99, na wewe unalipia kwa wakala, benki au simu yoyote. Kwenye simu piga *150*00#, *150*01#, *150*60# au *150*88# kulingana na mtandao wako, chagua malipo, kisha malipo ya Serikali, ingiza namba na kiasi. Yakikataa, mara nyingi ni moja kati ya mawili: ankara imepitwa na muda wake, basi omba kontroli namba mpya, au ankara inataka kiasi kamili na wewe umepunguza mia tano. Mtumishi akikupa namba yake ya simu badala ya kontroli namba, hiyo si malipo ya Serikali.

Ila mlango mmoja ukikwama, umekwama kwa wote. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipoleta hitilafu kwa siku kadhaa, watu walijipanga foleni kwenye ofisi za TANESCO kununua umeme. Kwa tahadhari tu, nunua umeme ukiwa bado na uniti kumi, usisubiri mita ianze kulia.

*Kadi zetu za benki zina nembo za Wamarekani. Wakikasirika wakazima, Tanzania inasimama? Na kwa nini basi tusiweke kila kitu chini ya Serikali?*
Mstaafu, Kinondoni

Shikamoo, mzee. Mfano unaokufaa ni Urusi. Machi 2022 Visa na Mastercard walisitisha kazi huko. Kadi za Warusi zilikufa zikiwa nje ya nchi, lakini ndani ziliendelea kununua mkate, kwa sababu tangu 2015 miamala ya ndani ilikuwa ikipita kwenye mtambo wao wa taifa, walioujenga baada ya baadhi ya mabenki yao kukatiwa kadi 2014. Hapa kwetu, kadi yenye nembo hizo ikitumika Mlimani City, hata kama benki ya mnunuzi na ya muuzaji zote ziko Posta, muamala unaweza kuzunguka nje ya nchi kabla ya kurudi. Kwa matumizi ya kila siku, lakini, Mtanzania wa kawaida halipi kwa kadi. Analipa kwa simu, na njia hiyo iko ndani. Hofu yako ina msingi, ila kwa bahati nzuri imepungua yenyewe.

Swali lako la pili lijibiwe na Zimbabwe. Mwishoni mwa Juni 2020 serikali ya huko, ikilaumu mikoba ya simu kwa kuanguka kwa sarafu, iliamuru miamala ya simu isimamishwe nchi nzima. Watu waliolala na pesa ya sokoni kwenye simu waliamka bila uhakika wa kuitumia. Mtambo ulioamriwa kusimama ulikuwa wa kampuni, mkono ulioamuru ulikuwa wa Serikali. Basi mzee, hata ukibadili mwenye mtambo, swichi bado inafikiwa na mwenye nguvu. Kinachosaidia ni kuwa na njia zaidi ya moja, na mfukoni noti za siku mbili tatu.

*Nani anaona ninamtumia nani pesa?*
Dada wa Sinza

Mtoa mkoba wako anaona kila kitu: kiasi, saa, namba, mnara ulioko karibu. Mtoa mkoba wa mpokeaji anaona upande wake. Njia ya kati inaona miamala inayovuka mitandao. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo nyuma ya kila namba kuna jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuuliza kampuni ina nini chako na inakitumiaje, na kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakala naye anaona: kitabu chake cha miamala kina jina na namba yako, na kinalala wazi mezani. Mwombe akifunike. Pia piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda dukani kwao ikafutwe.

*Nimetuma 85,000 kwenda mtandao mwingine. Nimekatwa, mpokeaji hajapata. Nikatuma tena, sasa amepata zote mbili na hapokei simu!*
Fundi friji, Temeke

Pole, fundi. Uliyoyaona ni matokeo ya muamala kuning'inia: mtandao wako umeshakata, jibu la upande wa pili limechelewa njiani, na mfumo unangoja kabla ya kuamua ukamilishe au urudishe. Ndiyo maana kutuma mara ya pili ni kosa. Safari nyingine angalia salio, tafuta namba ya kumbukumbu kwenye ujumbe, na uwapigie wa kwako kwanza, maana wao ndio waliokukata.

Kwa hii iliyokwishatokea, piga 100 sasa hivi, kabla hajatoa. Taja namba za kumbukumbu zote mbili, saa, kiasi na namba ya mpokeaji, na useme neno hili: "naomba kiasi cha muamala wa pili kizuiwe." Kwa kuwa ni mtandao mwingine, mtoa huduma wako lazima awaombe wenzake, na hapo ndipo saa zinapopotea, ndani ya mtandao mmoja huwa ni dakika. Omba namba ya lalamiko uiandike. Pesa zikizuiwa, mpokeaji ataulizwa, akikubali zinarudi. Akikataa, au akiwa ameshatoa, kampuni haina ruhusa ya kumnyang'anya kwa neno lako tu: nenda kituo cha polisi na taarifa ya miamala iliyochapwa, wao wataandika barua. Mtoa huduma akikaa kimya, peleka lalamiko Benki Kuu kwa maandishi pamoja na ile namba ya lalamiko, kwa sababu bila hiyo watakurudisha ulikotoka.